Kitambaa cha Yuda

Harufu ya naftalini hainikumbushi kabati wala sanduku la nguo za bibi harusi. Inanikumbusha Yuda. Kila Kwaresima, mvua za mwezi wa tatu zikiwa zimeloweka kuta za Bukavu hadi matofali yanatoa ukungu, akina mama wa parokia yetu walilishusha gunia la nguo za mchezo kutoka juu ya dari ya sakristia na kulimwaga kwenye mkeka. Kanzu za mitume, kofia za askari wa Kirumi zilizokatwa kwenye makopo ya mafuta, taji la miiba, ndevu za katani, vyote vikitoa ile harufu kali inayopanda puani na kukaa huko. Chini kabisa, kimekunjwa peke yake kana kwamba kingeambukiza vingine, kilikuwepo kitambaa cha manjano. Akina mama walikishika kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa darasa la tano, mtoto wa kuchunguza kila kitu na kutomwamini mtu, na nilitambua mapema kwamba hawakukiogopa kwa sababu ya vumbi.

Baba yangu alikuwa katekista, na mji mzima wa upande wetu ulimwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyeutunga ule Mchezo wa Mateso na yeye ndiye aliyeuongoza kila Ijumaa Kuu kwenye uwanja wa kanisa, pale palipo na mikaratusi na mteremko unaokuonyesha kipande cha ziwa. Haukuandikwa popote. Uliishi kinywani mwake, na waigizaji waliukariri kwa kumsikiliza. Kila shirika, yaani kila jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja, lilitoa mtume mmoja, na kwa Petro watu waligombana hadi kununiana. Kwa Yuda hakugombana mtu. Kila mwaka baba alizunguka nyumba hadi nyumba akibembeleza, huku wanaume wakikumbuka ghafla kwamba wana kikohozi au safari ya Luhwindja. Ndiyo maana wazee waliotangulia walikuwa wameweka desturi ya kumlinda atakayekubali. Yuda alifungwa kile kitambaa begani siku ya Ijumaa, akakaa nacho usiku na mchana, na Jumapili ya Pasaka, baada ya komunyo na kabla ya baraka ya mwisho, padri alimwita mbele, akafungua fundo, akamtaja kwa jina lake la ubatizo, na kanisa zima likapiga vigelegele. Hapo Uyuda uliisha. Mwenyewe hakuruhusiwa kujifungua, na hakuna aliyewahi kujaribu.

Mwaka ninaousimulia, aliyekubali alikuwa Papa Mugisho, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Kadutu. Alikuwa mtu wa utani, sauti nzito ya kwaya, vidole vyeusi kwa moshi wa risasi ya kuchomelea. Binti yake Nabintu alikaa nami dawati moja, na baada ya shule tulipita kibandani kwake kusikiliza redio tano sita zikiongea kwa pamoja, kila moja na lugha yake. Alikubali kuwa Yuda kwa kucheka. Akamwambia baba kwamba mtu anayeshinda kutwa na waya za umeme hawezi kuogopa kitambaa. Lakini ule haukuwa mwaka wa kucheka. Mji ulikuwa umejaa watu wenye bunduki ambao jana walikuwa wa huyu na leo ni wa yule, na fundi wa redio, katika mji wa namna hiyo, hatazamwi kama fundi viatu. Watu walianza kuulizana anasikiliza nini mle kibandani, na kama kati ya redio zake hakuna fonie, zile za kuitana kutoka mbali. Waliulizana kwa sauti ya chini, kisha wakampelekea redio zao kama kawaida.

Ijumaa Kuu aliigiza vizuri kupita kiasi. Mayuda wa miaka mingine walipiga kelele na kutumbua macho hadi watoto wakacheka. Papa Mugisho hakupiga kelele. Alimbusu Yesu shavuni jinsi mtu anavyomsalimia shemeji yake, akatabasamu, akaenda zake taratibu. Hakuna mtoto aliyecheka. Nilimwona Papa Boniface, ambaye alikuwa Petro na alikuwa na duka la nguo, akimtazama kwa jicho ambalo halikuwamo katika mchezo. Jirani mmoja nyuma yetu akasema kwamba mtu hawezi kucheza hivyo kama hakijui anachokicheza. Maman alinivuta mkono nisigeuke kumtazama msemaji, lakini niligeuka.

Jumamosi watu wenye bunduki walipanda hadi kwetu mchana kweupe. Hawakupekua ovyo. Walikwenda moja kwa moja hadi zile nyumba ambamo wafanyabiashara wa parokia walikuwa wameficha bidhaa zao, wakavunja kuta palepale palipofichwa, wakapiga watu, wakabeba. Nyumba ya Papa Boniface ilikuwa mojawapo. Waliposhuka na mizigo, hakuna aliyeuliza wametoka wapi. Kila mtu aliuliza nani amewaonyesha. Nakumbuka jioni ile jinsi majirani walivyosimama kila mmoja kwenye mlango wake, wakisalimiana kwa adabu nyingi mno, na jinsi baba alivyokosa hamu ya chakula, akasogeza sahani ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, upande wangu.

Padri wetu alikuwa ameitwa huko kijiji cha Katana kumpaka mgonjwa mafuta, na barabara ikafungwa nyuma yake. Misa ya Pasaka ikasomwa na padri mgeni, mzee aliyekuwa amelala kwenye nyumba ya mapadri akisubiri usafiri, mtu mwema asiyejua lolote kuhusu desturi zetu. Papa Mugisho alikuja amevaa suti yake ya ndoa, na juu ya bega kitambaa cha manjano, akaketi benchi la mbele kama ilivyotakiwa. Nabintu aliketi nami. Komunyo ikaisha. Wimbo wa shukrani ukaisha. Nilimwona Papa Mugisho akisogea ukingoni mwa benchi, akinyoosha koti, tayari kuitwa. Nabintu akaninong'oneza, "Papa anafunguliwa saa ngapi?" Nikamwambia sasa hivi. Padri mgeni akasimama, akatazama kitabu chake, akainua mkono kubariki.

Ilihitajika mtu mmoja tu aseme neno. Mtunza sakristia alikuwepo, hatua chache kutoka altareni, na akawa anakagua mishumaa. Papa Boniface alikuwepo, na jeraha juu ya nyusi, akitazama mbele. Baba yangu, Mwalimu, mwenye mchezo, mwenye desturi, aliyemfunga lile fundo kwa mikono yake mwenyewe, alikuwepo, na akatazama viatu vyake. Nilimtazama baba nikisubiri asimame. Nilikuwa na hakika atasimama, kama nilivyokuwa na hakika jua litachwea upande uleule. Misa ikaisha, watu wakatoka kwa haraka isiyo ya Pasaka, na Papa Mugisho akabaki ameketi, amenyoosha mgongo, mpaka kanisa likabaki na sisi watoto wawili na yeye. Kisha akainuka, akamshika Nabintu mkono, akashuka kwenda nyumbani na lile manjano begani mbele ya macho ya watu wote.

Yaliyofuata hayakuwa na kelele. Mkewe alimfungua kitambaa nyumbani, akakifua na kukirudisha parokiani. Kumbe hapo ndipo alipommaliza, maana ikasemwa kwamba Yuda wa mwaka ule amejivua mwenyewe, na anayejivua mwenyewe ana lake jambo. Wateja wakaja kuchukua redio zao, hata zilizokuwa bado zimefumuliwa, wakazibeba vipande vipande kwenye mifuko. Padri wetu aliporudi, akaambiwa mambo yalikwenda vizuri. Mimi nikaambiwa nibadilishe dawati. Nilikataa, nikachapwa, nikabadilisha. Kabla mvua hazijakatika, familia ile ilipakia vitu vyake kwenye kamio na kwenda kijijini Miti, kwa wakwe wa Papa Mugisho, na kibanda kikachukuliwa na muuza chumvi. Aliyeonyesha zile nyumba hakujulikana, hata leo. Ninao watu ninaowashuku, na siku wakisoma haya watajijua.

Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu wa chuo kikuu hapahapa Bukavu, nikafunza vijana jinsi ya kusoma maandishi ya watu kwa kuyatilia shaka. Wenzangu husema ni kipawa. Mimi najua nilikitoa wapi. Basi mwaka jana parokia ilipotaka kuufufua ule mchezo, uliokuwa umelala miaka mingi, ujumbe ulikuja nyumbani kwangu, padri kijana wa sasa na mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti ni Papa Boniface yuleyule, mvi tupu, fimbo mkononi, bado ana sauti ya Petro. Walitaka niuandike upya, uwe mfupi, wa kisasa, kwa kuwa vijana hawana subira. Nikasema nitafikiri. Ndipo Papa Boniface, akiwa tayari mlangoni, akageuka kana kwamba amekumbuka kitu kidogo. "Na ile mambo ya kitambaa," akasema, "tuiache tu, binti yangu. Batoto ba leo habaijue." Padri kijana akanitazama usoni. Nikakubali kazi palepale, na sikukubali kwa sababu ya kupenda sanaa.

Kwa kuwa mchezo uliishi kinywani mwa baba, ilibidi nianzie kwake. Anaishi nami sasa, amepungua mwili, anatembea kwa fimbo, macho yana utando, lakini mistari ya mchezo anayo yote, na alinitamkia siku kadhaa kwenye baraza huku nikiandika. Tulipofika mwisho, nikamuuliza ambacho sikuwahi kumuuliza. Kwa nini hakusimama? Kwanza akasema alidhani mtunza sakristia atasema. Akasema alichelea kumwaibisha padri mgeni. Yote mawili sikuyapokea, maana wanafunzi wangu nao hunipa majibu ya namna hiyo. Akauchezea mkono wa kiti chake kwa muda mrefu.

"Ile asubui kila mutu alikuwa anaangalia mwenzake," akasema. "Zile nyumba zote mi nilizijua. Nilikuwa naingia mule kufundisha katekisimu, nilijua ukuta gani iko mupya. Wakati kitambaa ilikuwa juu ya Mugisho, hakuna mutu aliangalia mimi."

Nilihisi hasira iliyonipanda hadi masikioni. Nikamuuliza, Mungu anisamehe, kama ni yeye aliyewaonyesha. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Akasema hapana, akasema ni swali hilihili aliloliogopa Jumapili ile, na kwamba limechelewa tu kufika. Nilimwamini. Nilimwamini karibu kabisa. Hicho kidogo kilichobaki ninacho bado, na sijui nikipeleke wapi, kwa sababu ni baba yangu, namkatia kucha, napasha maji yake ya kuoga.

Nikaenda Miti bila kumwaga siri kwa mtu. Haikuwa vigumu kumpata, kila mtu anamjua mzee anayetengeneza redio na taa za sola kando ya barabara ya Kavumu. Nabintu ndiye aliyenitambua kwanza. Amekuwa mwanamke mnene mwenye duka la vinywaji mlango wa pili, na hakunikumbatia. Alinipa kiti, akasimama kati yangu na baba yake. Ile harufu ya risasi ya kuchomelea ilikuwepo, ileile ya Kadutu. Papa Mugisho aliendelea na kazi, miwani imefungwa kwa uzi, akaniuliza bila kuinua kichwa nani amenituma. Nikasema hakuna. Akasema mtu wa Bukavu hafiki hapa bila kutumwa. Alikuwa na haki. Nikaeleza yote, mchezo, kamati, Papa Boniface, hata maneno ya baba. Nabintu aliguna mara kwa mara. Baba yake aliendelea kuchomelea.

"Mwaka huu Yuda ni nani?" akauliza.

Nikasema hakuna aliyekubali, mashirika yote yamekataa. Akapuliza moshi kutoka kwenye waya. Akasema angeweza kuja yeye, kwamba mistari anayo, hajaisahau hata mmoja. Nabintu akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akasema papa yake haendi popote, wamtafute mwingine wa kumla nyama. Mzee akamwacha amalize, kisha akanigeukia. "Mutanifungua?"

Nikamwambia mara hii imeandikwa, nimeiandika mimi, iko katika mchezo. "Hata ile wakati desturi ilijulikana," akasema. Nikarudi mjini nikiwa na hakika hatakuja, na nikiomba asije.

Nilikuwa nimeubadilisha mchezo katika mahali pamoja tu penye uzito. Katika mchezo wa baba, Yuda akishabusu alitoka uwanjani na hakuonekana tena. Yuda wangu hatoki. Anaketi benchi la mbele, anatazama mateso yote hadi mwisho, na watu wanamtazama akitazama. Papa Boniface alilalamika kwamba inachosha. Padri kijana alisema iachwe, na desturi ya Pasaka nayo irudi, akaisoma ile sehemu mbele ya kamati kwa sauti, kila neno. Kumbuka hilo, kila neno. Na asubuhi ya Ijumaa Kuu, nikiwa nafunga ndevu za katani, kamionete ilisimama chini ya mikaratusi, akashuka Nabintu amenuna, akamshusha baba yake katika suti ambayo sasa ilimpwaya. Baba yangu alimfunga kitambaa. Hawakusemeshana.

Alibusu kama zamani, taratibu, kisha akaketi. Vijana wenye simu walizishusha. Usiku huo na kesho yake alikaa kwetu, kwa kuwa Miti ni mbali, na nyumba yangu haijawahi kuwa na adabu nyingi namna ile. Wazee wawili mezani, mmoja na manjano begani, wakipitishiana chumvi. Baba akasukuma sahani ya sambaza upande wa mgeni. Mgeni akala. Nabintu na mimi tuliosha vyombo jikoni, yeye akisugua, mimi nikisuuza.

Jumapili kanisa lilifurika. Nilikaa nyuma, mahali pa kuona wote, Nabintu ubavuni, baba mwisho wa benchi letu. Komunyo ikaisha. Wimbo wa shukrani ukaisha. Papa Mugisho akasogea ukingoni mwa benchi, akanyoosha koti, na niliijua ile namna ya kunyoosha koti. Padri kijana akasoma matangazo, ndoa za mwezi ujao, usafi wa uwanja, akafunga karatasi yake. Akainua mkono kubariki. Ukimya ukaingia, uleule, nikautambua kama mtu anavyotambua sauti ya ndugu. Papa Boniface alitazama mbele. Nilitaka kusimama, nikasita, na katika kule kusita nikasikia fimbo ikigonga sakafu.

"Padiri," baba akasema, na sauti yake ya kufundishia ikatoka nzima, "bado. Kuko mutu hatujamufungua."

Padri akashusha mkono. Akamwambia, basi njoo, Mwalimu. Baba akatembea ule urefu wote wa kanisa peke yake, akikataa kushikwa. Vidole vyake vilihangaika na fundo alilolifunga mwenyewe, akainama, akalisogeza karibu na macho yake mabovu, likalegea. Akamwita Dominiko, ambalo ndilo jina lake la ubatizo, na akalirudia kwa sababu mara ya kwanza lilikwama. Walio karibu wanasema Papa Mugisho alimwambia kitu kimoja tu, kwamba mikono yake iko baridi, na akaishika. Vigelegele vikapasuka. Nilivisikiliza vizuri, ni tabia yangu, na vile vilivyotoka kwa watu wa rika la baba vilikuwa na nguvu iliyozidi mno. Petro wa zamani naye alipiga makofi.

Nimemuuliza padri kijana kama alisahau kweli. Alicheka, akasema Pasaka ina mambo mengi. Mtu aliyeisoma ile sehemu mbele ya kamati, kila neno! Simwamini, na kwa mara ya kwanza kutomwamini mtu kumenipa raha. Zamani ile tulikuwa na desturi nzuri na hatukuwa na mtu wa kusimama. Leo desturi imechakaa, nusu ya kanisa hawakujua hata manjano yale ni ya nini, na mtu amesimama, amechelewa kwa umri mzima. Sitasema kwamba hesabu imelipika. Kibanda cha Kadutu hakirudi, na aliyeonyesha zile nyumba pengine alikuwemo kanisani akiimba.

Nabintu hakupiga vigelegele. Alikuwa amekaza macho kule mbele, kwa wazee wawili walioshikana mikono, na nikaona machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta. Nilimshika bega. Hakunitazama.

"Kumbe," akasema polepole, "ilikuwa kitu ya dakika moja."